Konokono wa Mashamba ya Mpunga: Tuwajue Kabla ya Kuwaua

(Maneno ya msimamizi wa kilimo wa chama mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na wafadhili, kabla ya msimu wa kupandikiza. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukifupisha kidogo.)



Komite imenipa nusu saa niseme juu ya jambo moja lililo kwenye ajenda ya leo. Ni ombi la kutoa pesa katika mfuko wa pamoja ili tununue dawa ya kuua konokono katika mashamba yetu ya mpunga. Ombi hilo limeletwa na wanachama wenyewe na wana sababu. Miche imeliwa. Watoto wanalia tumbo. Watu wameweka mambo hayo mawili pamoja wakasema: konokono ndiye adui, tumumalize.

Mimi naomba kitu kimoja kabla hatujapiga kura. Tuulize kwanza: konokono gani? Juu ndani ya shamba la mpunga konokono hapana mmoja. Wako wa namna nyingi, kila mmoja na makao yake na chakula chake. Wachache wanatuumiza. Wengi hawana kosa, na wengine wanafanya kazi ambayo sisi hatulipi. Sisi tuliokaa ukimbizini tunajua vile inaumaka, wakati kosa la mtu mmoja linawekwa juu ya kabila nzima. Basi tusifanye hivyo hata kwa konokono, tena kwa pesa yetu wenyewe.

SHAMBA MOJA, MAKAO MATATU

Mtu akisimama barabarani anaona shamba la mpunga ni maji na majani tu. Kwa konokono shamba hilo lina makao matatu.

Makao ya kwanza ni maji yenyewe: jaruba, mtaro, na matope ya chini. Hapo ni kwa konokono wa maji.

Makao ya pili ni pale maji yanapokutana na udongo: mashina ya mpunga, nyasi zilizolowa, pembeni ya tuta. Hapo mtamkuta konokono mdogo mwenye ganda jembamba la rangi ya asali, ganda linalopitisha mwanga. Anapanda juu ya majani kukiwa na umande. Wataalamu wanamweka katika jamaa ya Succineidae. Hawezi kuishi chini ya maji, na hawezi kuishi mahali pakavu.

Makao ya tatu ni juu ya tuta na ukingo wa shamba: nyasi, majani yanayooza, magogo, migomba. Hapo ni kwa konokono wa nchi kavu. Huyu anavuta hewa, na ukimwacha chini ya maji muda mrefu anakufa. Ndiyo maana ndani ya jaruba lililojaa hamumkuti. Maji yakipanda, naye anapanda. Jua likikaza, anaingia ndani ya ganda, anaziba mlango kwa ute unaokauka kama karatasi, anangoja mvua.

Hata hao wa nchi kavu si namna moja. Yuko yule mkubwa tunayemjua wote, wa jamaa ya Achatina. Wako wadogo wembamba kama ncha ya sindano ya kushonea magunia, wanaokaa ndani ya majani yaliyooza na kuyala. Hao ni wengi kuliko mnavyofikiri, juu mtu hawaoni mpaka ainame. Wako wengine wadogo ambao mdomo wa ganda lao una vijino. Hao ni wawindaji: wanakula konokono wenzao na mayai yao. Halafu wako koa, wasiokuwa na ganda, na wale walio katikati, wenye kiganda kidogo kama ukucha ambacho hawawezi kuingia ndani.

Nchi yetu ni tajiri kwa hawa. Mwaka 1919 Mmarekani mmoja, Henry Pilsbry, alichapisha kitabu kikubwa juu ya konokono wa nchi kavu wa Kongo. Alitumia hasa maganda yaliyokusanywa na Herbert Lang na James Chapin katika safari yao ya kuanzia 1909 hadi 1915. Lakini utajiri huo hasa uko msituni na milimani. Huku chini shambani wanabaki wale tu wanaovumilia jembe, moto na maji ya kufungulia. Wangapi wanabaki, hilo linategemea tuta. Tuta lenye nyasi, na migomba karibu, na majani yanayooza, lina chakula, kivuli na unyevu. Tuta linalochomwa moto kila mwaka halina kitu. Udongo pia una neno lake: ganda linajengwa kwa chokaa, na kwenye udongo mchachu konokono wa nchi kavu ni wachache.

Mtaniuliza: sasa hao wadogo wa kwenye majani yaliyooza wanatufaidia nini? Wanakata takataka ya shamba vipande vidogo, vijidudu vya udongo vinamaliza kazi, na mbolea inarudi chini. Ganda likivunjika linarudisha chokaa. Na wao ni chakula cha wengine. Yule ndege mkubwa mweusi wa mabwawani, ambaye mdomo wake hata akiufunga unabaki na nafasi katikati, amepewa mdomo ule kwa kazi ya kutoa konokono wa maji ndani ya maganda. Na kimulimuli, yule mdudu wa taa za usiku: watoto wake wanakula konokono na koa. Mkiua konokono wote, msishangae bonde likiwa giza.

NANI ANAKULA MICHE?

Nimesikia hapa: "Tunapandaka jioni, asubuhi unakuta maji matupu." Ni kweli. Lakini wezi ni wengi, na kila mmoja anaacha alama yake.

Panya anakata shina kwa mshazari, kama mtu aliyekata na kisu, tena mara nyingi anaanzia katikati ya shamba ambako haonekani. Kaa anakata karibu na maji, na ukiangalia tuta utaona mashimo yake. Kosa lake la pili ni kuvujisha maji. Mdudu anayeingia ndani ya shina halimezi. Jani la katikati linakauka, ukilivuta linatoka lenyewe. Konokono wa maji anakata miche michanga chini ya maji, na vipande vya majani vinaelea juu. Koa na konokono mkubwa wa nchi kavu wanakuja usiku kutoka kwenye tuta, wanaacha njia ya ute unaong'aa asubuhi, na wanapenda zaidi kitalu, maharage na mboga zilizo pembeni kuliko mpunga uliosimama ndani ya maji.

Kwa hiyo, mtu akipoteza miche, aende shambani alfajiri na tochi, aangalie alama. Asiende kwanza dukani.

Kati ya konokono wa maji wa kwetu, wa kushukiwa ni yule wa duara mnene anayeitwa Lanistes. Mtamjua hivi: shika ganda, ncha yake juu, mdomo wake ukuelekee. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, na una kifuniko, ni Lanistes. Anakula mimea mingi ya maji, na miche michanga iliyozama ni chakula chepesi kwake. Lakini nguvu yake ina mwisho. Mche ukishakomaa na shina kuwa gumu, hamuwezi. Hatari iko hasa katika wiki 2 za kwanza baada ya kupandikiza. Kwa yule anayemwaga mbegu moja kwa moja, ni karibu mwezi mmoja.

Dawa ya wiki hizo 2 haiuzwi dukani. Panda miche iliyokomaa kidogo, si ile laini ya siku chache. Sawazisha jaruba vizuri, juu konokono wanakusanyika kwenye mashimo yenye maji. Punguza maji yabaki kama unene wa vidole viwili. Konokono wa maji hawezi kutembea vizuri penye maji haba. Chimba kijifereji pembeni ya jaruba, maji yakishuka watakimbilia humo, na ninyi mtawaokota kwa ndoo. Weka wavu au kikapu kwenye mdomo wa mtaro.

Kwa wale wa tuta na kitalu: jioni laza chini ubao uliolowa au ganda la mgomba. Asubuhi geuza, wamejificha chini yake, okota. Mama mwenye kitalu kidogo akifanya hivyo kwa wiki moja ataona tofauti.

Na bata. Bata anakula konokono kwa furaha. Mwingize shambani wakati wa kulima na kusawazisha, kabla ya kupandikiza. Halafu mtoe. Mrudishe karibu mwezi mmoja baadaye, mpunga ukiwa na nguvu. Ukimwacha katikati ya siku hizo, bata mwenyewe ndiye atakuwa mwizi.

KONOKONO WA KICHOCHO

Sasa nifike kwenye lile linalotuumiza zaidi, tumbo la watoto.

Kichocho, ambacho muganga kwenye fishi anaandika bilharzioze, kinapita kwa konokono. Huku bondeni kwetu ni kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo kiko sehemu nyingine za nchi, kama Kongo Central, na kinabebwa na konokono mwingine anayeitwa Bulinus. Kwa kichocho cha tumbo mwenye kubeba ni Biomphalaria. Ni mdogo, hafiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Ganda lake ni bapa, limejizungusha kama kamba iliyolazwa chini. Hana kifuniko. Anapenda maji yanayokwenda polepole, yenye majani mengi: yaani mitaro yetu tusiyoisafisha.

Sikilizeni vizuri namna inavyokwenda, juu hapa ndipo uamuzi wa leo ulipo. Biomphalaria anapozaliwa hana ugonjwa. Ni msafi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai ya mnyoo yanaingia majini na kuangua. Kijidudu kinachotoka humo kina masaa machache tu ya kumpata konokono, asipompata, kinakufa. Akimpata, kinakaa ndani yake na kuzaana. Baada ya mwezi na zaidi, konokono huyo anaanza kutoa vijidudu vingine ndani ya maji, mamia na hata maelfu kwa siku moja. Hivyo vinapita kwenye ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, bila kidonda na bila mtu kujua. Tunampa konokono kichocho, naye anaturudishia.

Tena jambo hili si geni katika bonde hili. Upande wa Burundi, kwenye mashamba ya mpunga wa kumwagilia ya nchi ya Imbo, watafiti waliofanya kazi miaka ya 1980 walikikuta kichocho cha tumbo. Maji ni yale yale ya bonde moja. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika, na mpaka wa nchi uko katikati yake, lakini konokono haulizi karatasi ya kupita.

Alama za ugonjwa mnazijua: tumbo linauma, kuharisha, damu kwenye choo, mtoto anachoka na habaki na akili ya masomo. Ukikaa miaka bila kutibiwa, ini na bandama vinavimba, na mwisho mtu anaweza kutapika damu. Lakini dawa ya mtu ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo inapimwa kwa uzito au kwa urefu wa mgonjwa. Inaua minyoo mikubwa iliyo mwilini. Haizuii mtu kuambukizwa tena kesho akirudi kwenye mtaro ule ule. Na hapana watoto wa shule peke yao wanaohitaji: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali palipo na kichocho dawa hiyo ifikie watu wote kuanzia miaka 2, pamoja na watu wazima. Mama anayepandikiza mpunga siku nzima, maji yakiwa magotini, yuko katika hatari sawa na mtoto anayeogelea.

Kuna vitu vingine tunavyoweza kufanya kesho. Vijidudu hivyo vinatoka ndani ya konokono kwa wingi jua likiwa kali, tangu kama saa 4 ya asubuhi mpaka saa 8 mchana. Anayeweza kufanya kazi ya majini mapema, afanye. Hatari itapungua, haitaisha, kwa hiyo bote za mpira bado zinahitajika. Maji ya mtaro ya kuoga yakitekwa na kuwekwa ndani ya pipa siku 2, bila konokono ndani, vijidudu hivyo vinakufa. Na konokono hao msiwaokote kwa mkono mtupu. Tumieni kichujio chenye mti mrefu.

Kwa wale wenye ng'ombe na mbuzi niongeze neno moja. Yuko konokono mwingine wa maji, ganda jembamba, mdomo mpana upande wa kuume, hana kifuniko. Anaitwa Radix, na ndiye anayepitisha mnyoo wa ini wa mifugo. Kama ini la ng'ombe wenu buchani linatupwa kila mara, msinyweshe mifugo kwenye mitaro yenye huyo.

MGENI MWENYE MAYAI YA PINKI

Yuko mmoja ambaye hapa mimi sijamwona, na naomba tusimkaribishe. Anaitwa Pomacea. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 watu walimpeleka Asia, Taiwan kwanza, halafu Ufilipino na kwingine, ili wamfuge kwa chakula. Soko halikwenda vizuri, akatoroka, akaingia mashamba ya mpunga. Leo ni kati ya maadui wakubwa wa mpunga huko. Mwaka 2020 alithibitishwa Mwea, nchini Kenya, kwenye mashamba makubwa ya mpunga ya kaunti ya Kirinyaga. Kwa hiyo amekwisha kufika Afrika Mashariki.

Mtamjua kwa mayai. Anayataga juu ya maji, kwenye mashina, vijiti na kuta za mtaro, mamia pamoja, rangi ya pinki inayoonekana kutoka mbali. Lanistes wa kwetu anataga ndani ya maji, mayai yake yamo ndani ya kitu kama uji mzito. Yuko na Pila, konokono mkubwa wa mabwawa yetu, mwenye mdomo upande wa kuume na kifuniko kigumu kama jiwe. Huyo anayaficha mayai meupe kwenye udongo wenye unyevu. Kwa hiyo mtu akiona mayai ya pinki juu ya mpunga, asinyamaze. Ayakwangue, ayaponde, na siku ile ile alete habari kwa komite na kwa agronomu wa serikali.

Sisi tunaohama na kurudi tunajua namna vitu vinavyosafiri ndani ya mizigo. Hata konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye kwao hana sifa ya kutisha, alichukuliwa mpaka Calcutta, India, mwaka 1847, na tangu hapo amesambaa dunia na kuwa pigo la mashamba ya watu. Kwa hiyo tusibebe miche yenye matope kutoka bonde moja kwenda lingine. Tubebe mbegu kavu. Nyavu, majembe na trekta la kukodi vioshwe kabla ya kuingia shamba lingine. Na mtu akileta konokono wa kufuga kutoka nchi nyingine, tumkatalie kwa upole, lakini tumkatalie.

DAWA INAFANYA NINI?

Sasa ile dawa. Inayouzwa dukani kwa jina la dawa ya konokono si moja. Iko ya chembechembe ya kutupa juu ya udongo, metaldehaidi, kwa ajili ya koa na konokono wa nchi kavu. Hiyo ni sumu pia kwa mbwa, kuku na mifugo inayookota chembe hizo. Haifanyi kitu kwa kichocho, kwa sababu Biomphalaria hakai juu ya tuta. Iko ya kutia majini, niklosamaidi. Hiyo inaua konokono wa maji kweli, na wizara za afya zinaitumia katika nchi mbalimbali, kwa vipimo, na watu waliofundishwa, mahali palipochaguliwa ambapo watu wanaambukizwa. Lakini inaua na samaki, inaua na vyura. Mitaro yetu inamwaga kwa majirani wanaovua chini. Tukitia sumu juu, watakaolia ni wao, na kesi itakuwa yetu.

Jambo lingine ni kwamba konokono wanarudi. Biomphalaria mmoja peke yake anaweza kujizalia bila mwenzake. Aliyebaki chini ya jani au aliyeletwa na maji ya juu anatosha kuanzisha upya. Baada ya miezi michache mtaro utajaa tena, na mfuko utakuwa mtupu. Kama vyoo bado hakuna, konokono wapya watapata kichocho kama wale wa zamani.

Mama mmoja aliniambia: "Papa, wewe unatetea konokono, sisi watoto wetu wanakufa." Mama, hapana. Natetea pesa ya watoto. Pesa ile ile ya dawa inaweza kujenga choo kando ya shamba. Leo watu mia na zaidi wanafanya kazi bondeni tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata choo kimoja. Mnafikiri wanakwenda wapi?

MAPENDEKEZO

Naleta haya mbele ya mkutano, na komite itayapigisha kura moja moja.

La kwanza: pesa iliyoombwa kwa dawa ya konokono ijenge vyoo kando ya mashamba, mbali na mitaro, mahali ambapo maji ya mvua hayataingia. Kila sekta ya shamba itoe mikono na matofali. Mfuko utoe mabati na saruji. Bashi tunazo.

La pili: kila mwezi siku moja ya salongo ya mitaro. Tung'oe majani, tufanye maji yakimbie. Watakaoingia majini wavae bote na glavu. Mtaro unaokimbia hauna makao ya Biomphalaria.

La tatu: tuandikie zone ya afya barua, tuombe upimaji wa kichocho na prazikwanteli kwa wanachama, wakubwa na wadogo. Tupeleke na orodha ya majina, ili wasituambie hawajui idadi yetu.

La nne: kikundi cha vijana kihesabu konokono wetu. Hapana kazi ngumu. Chukueni fimbo nne za mita 1, mfanye mraba. Muweke juu ya tuta mahali kumi: matano penye nyasi na migomba, matano palipochomwa. Mwende baada ya mvua, usiku na tochi, halafu asubuhi mchekeche majani. Hesabuni walio hai na maganda matupu, kila namna ndani ya chupa yake, mwandike tarehe na mahali. Kwa mtaro tumieni kichujio, mara kumi kila kituo, mkivaa bote na glavu. Mkifanya hivyo kabla ya kupandikiza na baada ya kuvuna, mwaka ujao tutakuja hapa na hesabu yetu wenyewe, hapana mabishano. Wafadhili wetu nao wataona pesa yao ilifanya nini.

La tano: wenye bata waandikishe bata wao, tupange zamu za kuwaingiza mashambani kwa wakati. Mwenye jaruba atalipa kidogo kwa mwenye bata, au watapatana kwa mpunga.

Kwa wafadhili wetu nasema aksanti. Mlitusaidia kwa mbegu na majembe tuliporudi na kukuta mashamba yamekuwa pori. Tunachowaomba sasa si kitu kikubwa: bote za mpira kwa wanaopandikiza, na saruji ya vyoo. Yaliyobaki tutayafanya kwa mikono yetu.

Wanachama, kura ni yenu. Kama mtaamua dawa inunuliwe, nitatii uamuzi wa mkutano, lakini nitaomba kwanza mwenye kuitaka aniletee yule konokono anayetaka kumuua, ndani ya chupa, tumwangalie pamoja.